Kompyuta Moja, Watumiaji Wengi: Namna ya Kulinda Taarifa za Wananchi

Katika saiba za Kitale na Bungoma, kompyuta moja huhudumia watu wengi kwa siku. Mmoja anawasilisha ritani za ushuru kwa KRA kabla ya Juni 30, mwingine anaomba mkopo wa HELB, mwingine anaingia eCitizen kutafuta cheti cha tabia njema. Shule, makanisa na vyama vya ushirika navyo aghalabu hutegemea kompyuta moja ya ofisi. Kila anayeondoka anaweza kuacha nyuma nakala ya kitambulisho, namba ya PIN, hata nenosiri. Usalama wa vitu hivyo hutegemea sana jinsi mfumo endeshi wa kompyuta ulivyopangwa.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoongoza kompyuta. Ndio unaoamua nani aingie, faili zikae wapi na programu zipi zifanye kazi. Maelezo haya yanahusu Windows, lakini kanuni ni zile zile hata kwa mifumo ya bure kama Ubuntu.

Tenganisha akaunti

Windows ina akaunti za aina mbili. Akaunti ya msimamizi inaweza kuweka na kuondoa programu na kubadilisha mipangilio yote. Akaunti ya kawaida inatosha kuandika, kuchapisha na kutumia intaneti, lakini haiwezi kugusa mambo makuu bila nenosiri la msimamizi.

Hatari huanza pale kila mtu anapotumia akaunti ya msimamizi. Mteja akifungua faili yenye virusi, virusi hivyo hupata uwezo ule ule wa msimamizi. Ili kuongeza akaunti ya kawaida, fungua Mipangilio, nenda sehemu ya Akaunti, kisha ongeza mtumiaji. Hata mwenye kompyuta anashauriwa kutumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku.

Ofisini, kila mfanyakazi awe na akaunti yake. Anapoacha kazi, faili za ofisi zihamishwe na akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Nenosiri lisibandikwe kwenye skrini.

Usizime masasisho

Wengi huzima masasisho ili kuokoa bando. Mnamo Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi mwaka huo. Waliokuwa wamesasisha Windows walikuwa na kinga tayari.

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kujua toleo lililo kwenye kompyuta yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Windows 11 huhitaji, miongoni mwa mambo mengine, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kabla ya kununua kompyuta iliyotumika, muulize muuzaji kama inatimiza masharti hayo.

Weka nakala

Eneo hili hupata mvua za radi, na stima hupotea bila taarifa. Zima kompyuta kupitia menyu, wala si kwa swichi ya ukutani, na uichomoe wakati wa radi. Nakili faili muhimu kila wiki kwenye diski ya nje, kisha uichomoe na kuihifadhi mahali pengine. Diski inayobaki imechomekwa inaweza kuharibiwa na virusi au radi ile ile iliyoharibu kompyuta.

Kabla mteja hajaondoka

Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Ondoka kwenye akaunti yako ya eCitizen au KRA. Kufunga dirisha pekee hakutoshi. Futa faili ulizopakua, kisha umwage pipa la taka la kompyuta. Ukishuku kuwa umesahau kuondoka, badilisha nenosiri mara moja ukitumia simu yako.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Taarifa zikifikiwa na wasiohusika na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, ofisi husika inapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa hivyo mwananchi anayeacha nakala ya kitambulisho ofisini ana haki ya kuuliza itahifadhiwa wapi, ni nani ataiona, na itafutwa lini.