Jimi Hendrix na Gitaa Lililogeuzwa

Gitaa la kawaida ni sanduku la mbao lenye tundu. Mpigaji akiugusa uzi, uzi hutetemeka, mbao nazo hutetemeka, na sauti hutoka katika tundu lile. Gitaa la umeme si hivyo. Aghalabu mwili wake ni ubao mzito usio na tundu, na likipigwa pasipo umeme halisikiki ila kidogo sana. Lakini chini ya nyuzi zake za chuma zimewekwa sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya. Umeme huo hupita mpaka kwenye mashine ya kuukuza, kisha hutoka katika kipaza sauti, hata watu walio mbali wakausikia.

Basi, iko kasoro moja. Mpigaji akikikaribia mno kipaza sauti, ile sauti itokayo huzitetemesha nyuzi tena bila kuguswa. Nyuzi huzaa umeme, umeme huzaa sauti, sauti huzitetemesha nyuzi, na katika mzunguko huo hutokea mlio mkali usiokwisha. Wapigaji wengi waliukimbia mlio huo. Wachache walianza kuuchezea, lakini aliyeufuga hata ukamtii kuliko wote ni Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi.

Alizaliwa mjini Seattle tarehe 27 Novemba 1942. Kwao palikuwa na umaskini mwingi. Wazazi wake waliachana, na mama yake akafariki mwaka 1958. Kabla hajapata gitaa alikuwa akishika ufagio na kujifanya anapiga. Siku moja, alipokuwa akimsaidia baba yake kuondoa takataka katika nyumba ya watu, aliokota kigitaa kilichobakiwa na uzi mmoja tu, akajifunza nyimbo kwa uzi huo mmoja. Gitaa lake la kwanza la kweli lilinunuliwa kwa dola 5.

Naye alikuwa mtu wa mashoto, na magitaa karibu yote yalitengenezwa kwa watu wa mkono wa kuume. Hakungoja mpaka apate la kumfaa. Alilichukua la kuume, akaligeuza juu chini, akazitoa nyuzi na kuzipanga upya, ili uzi mnene ukae juu kama ilivyo desturi.

Mwaka 1961 aliingia jeshini, akafundishwa kuruka kutoka katika ndege kwa mwavuli. Mwaka uliofuata akatoka. Baada ya hapo alikuwa mpigaji wa kusimama nyuma ya waimbaji wengine, mmojawapo Little Richard. Septemba 1966 Chas Chandler alimchukua mpaka London, na huko likaundwa kundi la watu watatu: yeye, Noel Redding na Mitch Mitchell. Haikupita miezi mingi, wapigaji mashuhuri wa Uingereza wakawa wanakwenda kumtazama. Mwaka 1967, huko Monterey, California, alilitia moto gitaa lake mbele ya watu. Picha ya moto ule imeenea duniani kote, nami naona imemdhulumu kidogo, maana watu wameukumbuka moto wakavisahau vidole.

Afadhali kukumbuka asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, katika tamasha la Woodstock, jimbo la New York. Watu wengi walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Hendrix akaanza kupiga wimbo wa taifa la Marekani, bila kuimba neno. Maneno ya wimbo huo yanataja makombora na mabomu ya vita vya zamani; na kila alipofika mahali pale, aliuachilia ule mlio mkali, gitaa likavuma, likalia, likapasuka kama mabomu yaangukayo, kisha akaurudia wimbo kwa upole. Wakati ule Marekani ilikuwa vitani Vietnam. Wengine walikasirika, wakasema ameutukana wimbo wa taifa. Yeye, askari wa zamani, alipoulizwa katika televisheni, alijibu kwamba aliuona ni mzuri.

Tarehe 26 Agosti 1970 alifungua New York nyumba yake ya kurekodia muziki, iitwayo Electric Lady, ambayo wanamuziki huitumia hata leo. Mwenyewe hakuitumia sana. Tarehe 18 Septemba mwaka ule ule, huko London, alimeza vidonge vya usingizi kupita kiasi. Matapishi yakaingia katika njia ya pumzi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 27, na sifa yake ilikuwa ya miaka minne tu.

Tangu mwaka 1968 alikuwa amekaa kwa muda London, katika orofa ya juu ya nyumba namba 23, Brook Street. Nyumba ya jirani, namba 25, ndiyo aliyokaa Handel, mtungaji mkuu wa muziki, tangu 1723 hata kufa kwake mwaka 1759. Hendrix alipoambiwa habari hiyo alikwenda kununua santuri za Handel. Leo nyumba hizo mbili ni makumbusho moja, na ukutani viko vibao viwili vya rangi ya buluu, kimoja kina jina la Handel, cha pili jina la Hendrix.