Breki Ndogo Ndani ya Ubongo

Mkono wa kushoto unajirusha ghafla, kwa nguvu, kama wa mvuvi anayetupa kimia. Mwenyewe anaushika kwa mkono wa kulia, unamponyoka. Majirani wanataja pepo. Daktari wa mishipa ya fahamu anayeuona mkono huo huanza kufikiria upande wa kulia wa ubongo.

Huko ndani, chini ya thalamasi, kuna kiini chenye umbo la lenzi, kidogo kuliko punje ya haragwe. Jules Bernard Luys alikieleza mwaka 1865, na bado wapo wanaokiita kwa jina lake. Kazi ya kiini hicho ni kuchochea, lakini kinachochochewa ni breki: globasi palidasi ya ndani, ambayo huibana thalamasi ili misuli isitende kila kinachowazwa. Kiharusi kidogo kikikiua kiini hicho, breki hulegea na mkono wa upande wa pili huanza kujirusha. Katika ugonjwa wa Parkinson mambo hugeuka: dopamini inapopungua, kiini huchachamaa, breki hukaza, na mtu hushindwa hata kuinuka kitini.

Mwaka 1990 watafiti Bergman, Wichmann na DeLong walikiharibu kiini hiki kwa tumbili waliokakamaa kwa sumu ya MPTP. Tumbili wakaanza kutembea tena. Kwangu hilo ni jambo zito: jeraha ambalo kwa mzima ni maradhi, kwa aliyekakamaa likawa nafuu. Kufikia 1993, huko Grenoble, Ufaransa, kundi la daktari Benabid lilikuwa likikituliza kiini hicho kwa waya wa umeme, bila kukikata. Mapigo ni takriban 130 kwa sekunde. Waya ukikosea kwa milimita chache, usemi huharibika au uso ukavutwa na misuli. Wagonjwa wengine hubadilika hulka, wakawa wepesi wa kuamua bila kusubiri, kwani kiini hiki huzuia pia maamuzi ya haraka.

Upasuaji huo uko mbali na wengi wetu. Lakini kwa mkono unaojirusha, kipimo cha damu kiko karibu. Kwa anayeishi na VVU, vimelea vya toksoplasma vinaweza kuweka jipu papo hapo kwenye kiini, na vina dawa. Sukari iliyopanda sana nayo huvuruga viini jirani na kuleta mrusho uleule. Mara nyingi ikishushwa, mkono hutulia.