Mchanga wa Kwale na kichwa cha fimbo ya gofu: thamani iko wapi?

Tangu mgodi wa Kwale usimamishe uchimbaji Desemba 2024, kuna swali moja ambalo haliishi barazani. Nikitaja tu mbele ya wazee wa Msambweni, au mbele ya makedi wanaobeba mifuko ya gofu kule Diani, kwamba kichwa cha fimbo fulani kimetengenezwa kwa titaniamu, nakatizwa: "Kumbe ndio ule mchanga wetu?" Halafu yafuata manung'uniko. Familia zilihama Maumba na Nguluku kupisha mgodi, mchanga mweusi ukaanza kupakiwa melini pale Likoni mwaka 2014, na leo fimbo inarudi kutoka ng'ambo kwa bei ambayo kedi haiwezi kuigusa.

Swali ni la haki, lakini jibu lake si lile wengi wanalolitarajia. Kwale ilitoa madini matatu makuu: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Mawili ya kwanza ndiyo yenye titaniamu. Sasa, sehemu kubwa mno ya madini ya titaniamu duniani, zaidi ya asilimia 90, haigeuzwi kuwa chuma kabisa. Husagwa na kusafishwa yakawa unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, karatasi, plastiki, hata dawa ya meno. Kwa hivyo mchanga wa Nguluku ukiutafuta leo, anzia ukutani kwako kabla hujaenda kwenye uwanja wa gofu.

Kile kidogo kinachogeuzwa chuma hupita njia ndefu. Madini huchomwa pamoja na klorini yakawa kimiminika, kisha hicho huunguzwa na magnesiamu mpaka kibaki kitu chenye matundu kama sifongo, ndicho kiyeyushwacho kuwa vinoo vya titaniamu. Njia hii iliasisiwa na William Kroll wa Luxembourg katika miaka ya 1930, na bado ndiyo inayotumika zaidi. Japani ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa sifongo hiyo, ilhali hununua madini yake kutoka nje. Liweke hilo akilini, maana ndilo linalonifanya nitofautiane na wanaosema kwamba lau tungejenga tanuri Kwale tungekuwa tajiri.

Tuje kwenye kichwa chenyewe. Nazungumzia draiva, ile fimbo yenye kichwa kikubwa kama ngumi mbili, ya kupigia mpira wa kwanza uende mbali. Zamani kilichongwa kwa mbao ngumu ya mpersimoni, na chini kikabanwa bamba la shaba. Mwaka 1979 Mmarekani Gary Adams alianzisha kampuni ya TaylorMade akiuza draiva ya chuma cha pua, yenye uwazi ndani. Callaway wakaja na Big Bertha mwaka 1991, nayo ya chuma cha pua, kisha mwaka 1995 wakatoa Great Big Bertha ya titaniamu. Hapo ndipo vichwa vilipoanza kufura hadi wakubwa wa mchezo, USGA ya Marekani na R&A ya Scotland, wakaweka mpaka: kisizidi sentimita za ujazo 460.

Kwa nini titaniamu? Hesabu yake ni ya mizani. Kichwa cha draiva kina uzito wa gramu 200 hivi. Kikizidi sana mchezaji hawezi kukizungusha kwa kasi, kikipungua sana mpira haupati nguvu. Fundi amepewa gramu hizo 200 na anaambiwa azitandaze kwenye umbo kubwa. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina gramu 7.8 hivi. Ya titaniamu ina 4.5. Ya nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa na gundi ina kama 1.6 tu. Na tangsteni, kile chuma cha waya wa balbu za zamani, ina zaidi ya 19. Mambo yote ya kichwa cha kisasa yamo ndani ya namba hizo nne.

Mfikirie mtu wa mzega, aliyebeba madebe mawili ya maji kwenye ncha za mti begani. Mwambie ageuke ghafla. Hawezi, madebe yanamkatalia. Sasa mpe madebe yaleyale ayakumbatie kifuani, atageuka mara moja. Uzito ni uleule, kilichobadilika ni umbali wake na katikati. Kichwa cha fimbo nacho ni hivyo. Mchezaji akiupiga mpira pembeni badala ya katikati, kichwa hujipinda mkononi na mpira huenda msituni. Uzito ukisukumwa pembezoni na nyuma, kichwa hukataa kupinda. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha PING huko Marekani, ndiye aliyeieneza fikra hii, kuanzia kwenye fimbo za kusukumia mpira shimoni. Leo hata ukaidi huo una mpaka wake kisheria.

Basi fundi hufanya hivi. Paa la kichwa, ambalo halipigi kitu, hulitoa titaniamu na kuweka kaboni. Gramu chache alizookoa hapo huzinunulia tangsteni, akaifunga kwa skrubu nyuma kabisa, chini. Uso unaogonga mpira huuacha wa titaniamu, mwembamba, uwambe kama ngozi ya ngoma: unabonyea kidogo kisha unarudi. Nao umewekewa kikomo. Hupimwa kwa kitufe cha chuma kinachoning'inia na kugongeshwa usoni, na muda wa kugusana haurukhusiwi kupita mikrosekunde 257. Mwaka 2022 TaylorMade walithubutu kuufanya hata uso kuwa wa kaboni, tabaka 60, ukafunikwa kwa ngozi ya plastiki ili mpira wenye maji usiteleze. Mimi sauti yake siipendi, kaboni hugonga kama mlango wa mbao. Lakini sauti si umbali.

Ugumu uko kwenye kuviunganisha. Mwili wa titaniamu hutengenezwa kwa kalibu ya nta, kazi ambayo sonara ataielewa pasi na kuelezwa. Umbo la nta huchovywa kwenye uji wa kauri mara nyingi mpaka lipate ganda gumu, nta ikayeyushwa na kutoka, kisha chuma kikamiminwa. Tofauti ni kwamba titaniamu huyeyuka kwenye nyuzi 1,668 za Selsiasi, na ikiwa moto namna hiyo huifyonza oksijeni ikawa dhaifu kama bisikuti. Kwa hivyo humiminwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Uso huchomelewa baadaye, na mshono ukasuguliwa hadi usionekane.

Kaboni je? Huwezi kuichomelea, gundi yake itaungua. Ndiyo maana kazi za moto humalizwa kwanza, na za gundi hungoja mwisho. Ukingo wa titaniamu hukwaruzwa, husafishwa mafuta yote, kisha paa la kaboni likabandikwa kwa epoksi iliyopimwa, kwani hata gundi ina gramu zake. Mkono wenye mafuta ya nywele unatosha kuharibu kazi hiyo.

Vichwa vingi duniani hutoka viwanda vya Taiwan, pamoja na vile vya Uchina na Vietnam. Taiwan haikupata kazi hii kwa kuwa na mchanga mweusi. Ilipata kwa mafundi wa kalibu, wa kuchomelea na wa kubandika. Anayelia kwamba Kwale ilipoteza kiwanda cha fimbo kwa kuuza mchanga analilia kitu kisichokuwepo. Kilio changu mimi ni kwamba kwa miaka kumi na zaidi meli zikipakia, sijaona tukilizungumzia suala la kalibu na epoksi katika vyuo vyetu vya ufundi kwa uzito tulioutumia kugombania mrabaha.

Na kazi ipo hapahapa, kuanzia Nyali mpaka Vipingo na Diani. Hali ya pwani haina huruma na vitu vilivyounganishwa. Kaboni na titaniamu huvumiliana, lakini kaboni ikigusana na aluminiamu mahali penye chumvi, aluminiamu huliwa, kama msumari mbaya unavyoliwa kwenye ubao wa mashua. Vile vishikizo vya aluminiamu vinavyounganisha kichwa na mpini ndivyo vya kukaguliwa kwanza. Joto nalo hulegeza epoksi, na buti ya gari lililoachwa juani mchana kutwa ni tanuri.

Ukinunua draiva ya mkono wa pili, itikise sikioni. Ikilia kama njugu, kuna tone la gundi lililobanduka ndani, hilo latibika. Gonga paa kwa ukucha kuzunguka ukingo wote. Sauti ikibadilika ghafla mahali pamoja, mshono umeachia, na usilipe bei aliyokutajia muuzaji.