Ufunguo wa Karani Usiazimwe

Ndugu wafanyakazi, zamani karani wa fedha alikabidhiwa ufunguo wa sanduku, na fedha zikipotea aliulizwa yeye. Leo katika mabenki na maofisi ya Bujumbura ufunguo huo ni neno la siri la kompyuta.

Tangu 2009 sheria ya jinai ya Burundi inamwadhibu anayeingia katika kompyuta bila ruhusa. Machi 2022 ilitoka sheria nyingine, ya makosa ya mitandao peke yake. Kwa jirani zetu, mwaka 2021 mahakama ya Kigali iliwafunga Wakenya 8 na wenzao miaka 8 kila mmoja kwa kesi ya kuingilia mitambo ya Equity Bank.

Sisi hatari yetu ni hii: mkubwa anasema, "Nipe neno lako, nina haraka." Jioni fedha hazipo, na jina lililobaki ndani ya kompyuta ni la karani. Mwizi ni mwingine, lakini anayeulizwa kwanza ni karani.

Basi tusiazimane neno la siri. Mkubwa akiamuru, aandike. Ukiona dalili ya wizi, toa habari kwa barua siku ile ile, ubaki na nakala. Kabla ya kutia sahihi maelezo yoyote, mwite mjumbe wa chama.

Na waajiri wasikie: ofisi inayowapa makarani watano neno moja haina haki ya kumlaumu mmoja wao.