Ujumbe wa komiti: mashine iandike, sababu utoe wewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wa Mji wa Kale waliijua methali hii kwa vitendo, maana deni lisiloandikwa lilizaa ugomvi. Leo naipeleka kwa vijana wetu wa Pwani wanaotengeneza programu za kompyuta. Nao wana daftari lao, na wengi wanaliandika ovyo.

Daftari hilo hutunzwa na Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Ukimaliza badiliko, unaliingiza kwenye kumbukumbu, na kila ingizo huitwa komiti. Git huhifadhi kilichobadilika, jina lako, tarehe na saa, pamoja na ujumbe wako wa kueleza ulichofanya.

Kwenye ujumbe ndipo penye maradhi. Vijana huniletea kazi zao nizipitie, nami hukuta safu ya "rekebisho", "rekebisho tena", "sasa iko sawa". Tuseme hiyo ni programu ya karo za madrasa. Siku jumla inakosea, wazazi wanalalamika, na aliyeiandika ameshapata kazi Doha. Anayemrithi atafungua komiti moja baada ya nyingine akitafuta kosa lilikoingilia, kwa sababu daftari halimwambii kitu.

Siku hizi akili mnemba, yaani AI, inaweza kukuandikia ujumbe huo. ChatGPT, Claude, Gemini na Copilot zote husoma difu, ile orodha ya mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa, kisha zikakupa maneno. Mimi siwakatazi vijana kuzitumia. Lakini wanapaswa kuelewa zinaona nini na haziona nini.

Mashine ikiachwa huru husema mno. Utapata kitu kama hiki: "Komiti hii inaboresha kwa kiasi kikubwa uthabiti wa mfumo wa malipo kwa kuongeza ukaguzi mpya." Kisha inafuata orodha ya mafaili yote yaliyoguswa. Orodha hiyo Git tayari anayo, na ile sifa haimsaidii mtu.

Kubwa zaidi, difu huonyesha kilichobadilika lakini mara nyingi haisemi kwa nini. Mashine inaona umeongeza ukaguzi wa nambari ya risiti. Haijui kwamba mtandao ukichelewa, taarifa ya malipo ya simu huja mara mbili, na mzazi aliyelipa mara moja akaonekana amelipa mara mbili. Usipoiambia, itanyamaza au itabuni sababu yake. Na sababu ya kubuni ni mbaya kuliko kutokuwa na sababu, kwa kuwa anayekuja baadaye ataiamini.

Kwa hivyo mimi huwaelekeza hivi. Kwanza, komiti moja ibebe jambo moja. Ukichanganya rangi ya ukurasa na hesabu ya karo, hakuna mashine itakayokupa ujumbe mfupi.

Pili, ipe mashine difu pamoja na sentensi moja ya sababu, kwa maneno yako mwenyewe.

Tatu, iwekee mipaka. Mwongozo wa Git wenyewe unashauri mstari wa kwanza usizidi herufi 50, kisha uruke mstari, ndipo uweke maelezo. Usiporuka, Git huyachukua maneno yote kuwa kichwa kimoja kirefu. Wanaotunza Linux nao hutaka ujumbe uwe kama amri: zuia, ongeza, ondoa. Basi agizo lako liwe hivi: "Andika mstari mmoja wa amri usiozidi herufi 50. Ongeza sentensi mbili za sababu niliyokupa. Usitaje mafaili, usisifu, usibuni."

Kwa mfano wetu wa karo, utapata kitu kama hiki:

"Zuia malipo kuhesabiwa mara mbili

Mtandao ukichelewa, taarifa moja huja mara mbili. Sasa nambari ya risiti hukaguliwa kabla ya kujumlisha."

Mstari wa kwanza una herufi 33, ukihesabu na nafasi. Anayepitia daftari ataupata kwa sekunde chache, na akitaka kulifuta badiliko hilo atajua anafuta nini.

Nne, usome ujumbe ukiulinganisha na difu kabla ya kuukubali. Neno usiloweza kulithibitisha, liondoe. Na badiliko likiwa dogo, kama kurekebisha tahajia, mstari mmoja watosha. Mara nyingine ni haraka kuuandika mwenyewe.

Kuna tahadhari moja ya amana. Difu ikibeba neno la siri, au majina na nambari za simu za wazazi, ukiibandika kwenye huduma ya mtandaoni umeyatoa nje ya nyumba. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na taarifa za watu si zako kuzigawa. Ukifanyia kazi kampuni, uliza kwanza kama wanaruhusu msimbo wao upelekwe huko.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kijana wa Kisauni au Lamu anayeomba kazi ya mbali huenda asionane na mwajiri wake uso kwa uso. Mwajiri hufungua kazi zake na kusoma daftari. Mistari michache iliyo wazi humwambia kwamba huyu anajua alichofanya na kwa nini alikifanya. Mashine ikiandika vizuri, sifa utapata wewe. Ikiandika uongo, lawama pia ni yako, maana jina lililo kwenye komiti ni lako.