Kuweka Paneli za Sola katika Mashua Ndogo ya Tanga

Katika nchi ya Marekani wako watu wengi wapendao kusafiri kwa tanga, na nyumba zao ziko mbali na maji. Hawa hawaziachi mashua zao bandarini, bali huzilaza uani, na siku ya safari huzikokota kwa motokaa, zikiwa juu ya tela, mpaka ziwani au baharini. Mashua ya namna hiyo lazima iwe nyepesi, tena isiwe pana, kwa kuwa sheria ya barabara za huko hairuhusu mzigo uzidio upana wa mita 2.6 hivi kupita pasipo kibali. Moja ijulikanayo sana ni Catalina 22, iliyobuniwa na Frank Butler wa California. Ilianza kuuzwa karibu na mwaka 1970, na zimekwisha kuundwa zaidi ya 15,000. Urefu wake wapata mita 6 na nusu, na mkuku wake huinuliwa ili mashua ikae vema juu ya tela. Watu wanne waweza kulala ndani yake, ikiwa wanapendana.

Chombo hiki ni kidogo, lakini kina haja ya umeme. Usiku kikitia nanga huwashwa taa nyeupe ionekanayo pande zote. Ni kweli kwamba sheria za bahari husamehe vyombo visivyofikia mita 7, vikitia nanga mahali pasipopitwa na vyombo vingine. Lakini mwenye akili hategemei msamaha huo, maana motaboti iendayo mbio gizani haitazami sheria, nayo yaweza kuwapanda watu walio usingizini. Tena iko redio ya kuitia msaada. Betri ikiisha nguvu usiku wa manane, taa huzimika na redio hunyamaza, na mwenye mashua hana habari, kwa kuwa amelala. Injini ndogo itundikwayo nyuma mara nyingi haina uwezo wa kuijaza betri, au huijaza kidogo tu. Basi watu wameligeukia jua.

Habari ya kwamba nuru yaweza kuleta umeme si mpya. Mfaransa Edmond Becquerel aliiona mwaka 1839, naye alikuwa kijana wa miaka 19. Lakini paneli ya kwanza yenye manufaa ilionyeshwa mwaka 1954 katika maabara ya Bell huko Marekani, kazi ya Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson. Iligeuza kuwa umeme sehemu 6 tu katika kila 100 za nguvu ya jua. Paneli nzuri za leo hugeuza sehemu 20 na zaidi.

Kabla ya kununua paneli, yafaa kufanya hesabu. Tuseme taa ya nanga ni ya wati 2, nayo huwaka saa 10: hizo ni wati-saa 20. Redio ya wati 5 ikisikilizwa saa 8 hula 40. Kipima kina cha maji, wati 6 kwa saa 6, hula 36. Taa za ndani hula 12, na simu mbili 30. Jumla ni 138 kwa siku. Paneli ya wati 50, ikipata jua sawa na saa 4 kamili, hutoa 200. Tukiondoa robo kwa hasara za njiani, hubaki 150. Basi inatosha. Lakini taa ya nanga ikiwa ni ya zamani, ya wati 10, italala imekula 100 peke yake, na jumla itapanda hata 218. Hapo watu wengi hukimbilia paneli ya pili, na kumbe dawa ni kubadili taa, kitu cha bei ndogo sana.

Sasa twende katika jambo gumu, nalo ni mahali pa kuiweka. Adui wa kwanza ni kivuli. Ndani ya paneli ya kawaida mna vipande 36 vilivyoungwa kwa mfululizo, kila kimoja kikitoa karibu nusu volti. Fikirini watu 36 waliojipanga kutoka kisimani mpaka nyumba iwakayo moto, wakipokezana ndoo. Mmoja akikunja mikono, ndoo zote husimama, hata wengine 35 wakiwa na bidii. Ndivyo ilivyo hapa: kivuli cha kamba nene au cha mti wa tanga kikifunika kipande kimoja tu, umeme wa paneli hupungua sana. Watengenezaji hutia ndani njia ndogo za kando ili umeme uweze kuzunguka sehemu iliyofunikwa, lakini hasara haiishi kabisa. Na katika mashua kivuli kiko kila mahali! Kuna mlingoti, kuna kamba zinazoushika, na kuna tanga lenyewe, lihamalo huku na huku kila upepo unapogeuka. Kwa hiyo mabaharia wengine huweka paneli ndogo mbili, moja kila upande, zikiungwa sambamba wala si kwa mfululizo. Tanga likifunika ya kulia, ya kushoto huendelea na kazi yake.

Wengi huzifunga tezini, juu ya ukingo wa mabomba uliopo nyuma, kwa vishikio vinavyoweza kugeuzwa kuelekea jua. Hapo ni mbali na mlingoti, na upepo hupita chini ya paneli na kuipoza. Kupoa huko kuna faida, maana kila digrii moja juu ya 25 hupunguza umeme kwa theluthi ya sehemu moja katika 100, au kuzidi kidogo. Lakini tezini ndipo ipitapo demani, yaani kamba ya kuliongoza tanga. Tanga linapovuka kwa nguvu, demani hupinda hewani kama mjeledi, na ikiinasa pembe ya paneli, ama paneli itang'oka, ama tanga litashikwa upande mbaya na mashua italala kwa upepo. Kwa hiyo pembe zote zapasa kuzibwa au kuviringwa, na mwenye chombo alijaribu tanga lake pande zote akiwa bado nchi kavu. Atazame pia kama aweza kuvuta kamba ya kuwashia injini pasipo kugonga kiwiko.

Wengine hupenda paneli laini zinazopindika, ambazo hugundishwa juu ya sitaha na kukanyagwa. Hizo ni nyepesi, wala hazinasi kamba. Lakini hupata joto jingi kwa kukosa hewa chini yake, na kwa kadiri nionavyo hazidumu kama zile ngumu za kioo.

Hatari nyingine ni tundu. Sitaha ya mashua hizi kwa kawaida si kitu kimoja: juu ni faibaglasi, chini faibaglasi, na katikati ubao. Fundi akitoboa kwa keekee na kukaza bolti basi, maji ya mvua yatapenya polepole kando ya bolti mpaka kwenye ubao, na ubao utaoza gizani. Kwa nje hakuna dalili, hata siku moja mtu akanyage aone sitaha inabonyea kama embe bovu. Fundi mwema hutoboa tundu kubwa kuliko haja, hulijaza gundi ya epoksi, huacha ikauke mpaka iwe ngumu, ndipo hutoboa tena tundu dogo katikati ya ile gundi. Sasa hata maji yakipenya hayataufikia ubao. Tena ajihadhari na vyuma viwili visivyopatana. Fremu ya paneli ni ya alumini, na bolti ni ya chuma kisichoshika kutu. Vikigusana katika maji ya chumvi, alumini huliwa. Kipande cha plastiki kati yao chatosha kuwatenganisha.

Katika nyaya, kanuni ni chache. Kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti cha chaji, maana paneli iitwayo ya volti 12 hutoa 18 na kupita, na betri ya risasi ikisukumwa hivyo siku zote huharibika. Betri huungwa na kidhibiti kwanza, ndipo paneli. Fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, ili waya ukichunika usiwashe moto ndani ya chombo ambacho hamna pa kukimbilia isipokuwa majini.

Safari ikiisha, mlingoti hulazwa kuelekea nyuma, nao hupita palepale tezini. Kabla ya kuulaza, na kabla ya kuusimamisha, tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Watu wamekufa kwa mlingoti kugusa waya kando ya maji. Paneli za tezini huvuliwa na kulazwa juu ya vitanda. Motokaa ikienda kilomita 90 kwa saa, upepo husukuma paneli ya wati 50 iliyosimama wima kwa uzito wa zaidi ya kilo 12, nao mwendo ukizidi mara mbili, nguvu hiyo huzidi mara nne. Nyumbani, paneli moja hurudishwa juani na kuunganishwa na betri kipindi chote cha baridi, na theluji ikiianguka hufagiliwa. Betri ya risasi isiyo na nguvu huganda ndani na kupasuka. Iliyojaa hustahimili hata baridi kali ya huko kaskazini.