Je, Wajua? Winga wa Vitabu

Je, wajua kwamba Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni rika moja na muungano unaotunza orodha kubwa kuliko zote ya vitabu vya maktaba duniani? Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Miezi mitano kabla, vyuo vya jimbo la Ohio nchini Marekani vilikuwa vimeungana ili viorodheshe vitabu vyao mahali pamoja. Muungano huo ndio OCLC ya leo, na orodha yake inaitwa WorldCat.

Orodha hiyo haina rafu wala kitabu. Mtu wa Kariakoo hahitaji maelezo marefu: ni winga. Winga hana fremu, hana mzigo, ila anajua kiatu namba 43 unachokitafuta kimekwisha Mtaa wa Kongo na bado kipo Aggrey. Wakutubi huiita katalogi ya pamoja. Msomaji hapigwi cha juu. Maktaba ndizo zinazolipa ada.

Je, wajua mkutubi anavyopima kama maktaba yake ina utajiri au imejaza rafu tu? Hahesabu kila kitu. Huchukua sampuli, tuseme vitabu 100 kwa bahati nasibu, akavitafuta kimoja kimoja katika katalogi za wenzake. Ikiwa 90 vipo kila mahali, hakuna ubaya: Biolojia ya kidato cha pili inahitajika Buguruni kama inavyohitajika Kigoma. Jicho lake liko kwa vile 10 ambavyo wenzake hawana. Rafu zikijaa na ikabidi kupunguza, hivyo haviguswi. Vikichanika, ndivyo vya kwanza kupelekwa kushonwa. Halafu anageuza zoezi: anachukua orodha ya jirani na kuangalia yeye amekosa nini. Hapo ndipo hutoka orodha ya manunuzi.

Je, wajua kwamba kinachoharibu hesabu hiyo mara nyingi ni majina? Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert. Sasa mtafute mwandishi huyo mwenye mtaa kwenye katalogi: huku ni Robert, Shaaban, kule ni Shaban, a moja imeanguka. Kompyuta isiyoelekezwa itaona watu wawili. Namba ya ISBN nayo haisaidii kwa vitabu alivyochapisha akiwa hai, maana alifariki mwaka 1962, na ISBN ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1970.

Kwa vitabu vya baadaye, namba hiyo inasema mengi. Ukiona 9976 au 9987 baada ya 978, kitabu kina namba ya Tanzania. Kenya ni 9966, Uganda 9970. Geuza kilicho mkononi mwako uhakikishe.

Je, wajua kwamba kitabu kimoja kinaweza kuhesabiwa mara mbili bila mtu kudanganya? Mwanahistoria Walter Rodney alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilipotoka mwaka 1972. Kilichapishwa kwa ubia wa Tanzania Publishing House ya hapa jijini na Bogle-L'Ouverture ya London. Mkutubi mmoja anaandika Dar es Salaam, mwenzake anaandika London, na mashine inatangaza kwamba kila maktaba ina kitu ambacho nyingine haina.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu hicho kilianza mwaka 1961 Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, umbali wa kutembea kutoka sokoni Kariakoo? Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Maktaba yake mpya ya mwaka 2018 ilijengwa ibebe vitabu 800,000. Lakini mimi ningekimbilia kwanza hati za Kiswahili na Kiarabu za maktaba hiyo ambazo mtafiti J.W.T. Allen aliziorodhesha katika katalogi ya mwaka 1970. Hati ya mkono haina nakala pacha. Hata utenzi uleule ukipatikana pia London, mwandikaji mwingine ameacha beti au kubadili neno, na watafiti huishi kwa tofauti hizo.

Namba za kupangia vitabu rafuni nazo zinaweza kupotosha ulinganishaji: katika mfumo wa Dewey, ulioanza mwaka 1876, fasihi ya Kimarekani ina 810 nzima na ya Kiingereza ina 820. Fasihi za lugha nyingi za Kiafrika zimebanana ndani ya 896, na Kiswahili kimepewa 896.392. Anayelinganisha maktaba kwa namba kubwa tu anaweza kuimaliza fasihi yetu yote kwa mstari mmoja wa jedwali!

Je, wajua kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya nchi zetu, Tanzania ikiwemo? Sheria yetu ya mwaka 1975, iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa Bodi. Anayejichapishia diwani yake kwenye mashine za Gerezani asipopeleka, kitabu kinaweza kuonekana Washington na kukosekana Bibi Titi. Mwanafunzi wa Ilala atakuja kukiomba kutoka ng'ambo. Hilo linanikera, nakiri.



Na je, wajua ulinganishaji huu unavyofika hadi kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandikwa chini pale Posta? Fungua jalada. Wakati mwingine utakuta muhuri wa maktaba ya Uingereza, na muhuri wa pili kwamba kimeondolewa rafuni. Huenda huko walikagua, wakaona majirani wote wanacho, wakakitoa bila majuto. Hapa unaweza kuuliza mtaa mzima usiipate nakala ya pili, na muuzaji, ambaye hana katalogi, ameshalisoma hilo usoni mwako kabla hujauliza bei.